Namna ya Kuandika Habari ya Mwandishi Mwanamke Aliyetunukiwa Tuzo ya Kimataifa

Usiku wa tarehe 21 Mei 2019, katika ukumbi wa Roundhouse jijini London, Jokha Alharthi wa Omani na mfasiri wake, Marilyn Booth, walitangazwa washindi wa tuzo ya Man Booker International kwa riwaya ambayo kwa Kiarabu inaitwa Sayyidat al-Qamar na kwa Kiingereza inaitwa Celestial Bodies. Nitautumia usiku huo kama mfano katika mwongozo huu wote, kwa sababu habari yake ina karibu kila mtego unaomngoja mwandishi wa Kiswahili anapopokea taarifa ya aina hii: washindi wawili badala ya mmoja, fedha za kugawana, kitabu chenye majina mawili yasiyofanana, tuzo ambayo jina lake linakaribiana mno na la tuzo nyingine, na mwandishi ambaye jina lake msomaji wa Unguja au Pemba anaweza kudhani ni la jirani yake. Nimehariri habari za vitabu kwa muda wa kutosha kuona kwamba makosa mengi hayatokani na uvivu. Yanatokana na kuandika habari ya tuzo kabla ya kujua inatolewa kwa kitu gani.

Anza na tuzo yenyewe

Kabla hujaandika neno lolote kuhusu mwandishi, tafuta kujua tuzo hiyo inatolewa kwa kitabu kimoja au kwa kazi zote za mtu, inahusu vitabu vya lugha gani, na fedha zake zinaingia mikononi mwa nani. Man Booker International ilipoanza mwaka 2005 ilikuwa ikitolewa kila baada ya miaka miwili, na aliyepewa alipewa kwa ajili ya kazi zake zote. Chinua Achebe aliipata mwaka 2007 kwa utaratibu huo. Tangu mwaka 2016 inatolewa kila mwaka, kwa kitabu kimoja kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uingereza au Ireland, na pauni zake 50,000 hugawanywa sawasawa baina ya mwandishi na mfasiri. Kwa hiyo anayeandika kwamba Alharthi "amejinyakulia pauni 50,000" amemwongezea pauni 25,000 ambazo hakupewa, na wakati huohuo amemfuta mwanamke wa pili aliyesimama naye jukwaani. Mimi mwenyewe niliwahi kulipitisha kosa la namna hii katika habari ya tuzo nyingine, nikalitambua asubuhi ya pili niliposoma tangazo lenyewe, ambalo nilikuwa nalo mezani tangu usiku.

Ukitaka kuzigeuza pauni hizo ziwe shilingi, tumia thamani ya siku ya tangazo na uitaje tarehe, kisha uache hapo. Msomaji hahitaji kuambiwa fedha hizo zingejenga nyumba ngapi.

Tuzo zinazofanana kwa jina zinahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka huohuo wa 2019, mwezi Oktoba, tuzo ya Booker, ambayo ni ya riwaya zilizoandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza, ilikwenda kwa wanawake wawili, Margaret Atwood na Bernardine Evaristo. Atakayeandika tu kwamba "mshindi wa Booker wa mwaka 2019" ni Alharthi atakuwa amezichanganya tuzo mbili za taasisi moja. Jambo la jina nalo lina historia yake: kampuni ya Man Group iliacha kuidhamini tuzo hiyo mwaka 2019, na tangu hapo inaitwa International Booker. Kanuni ninayoifuata ni kuandika jina kama lilivyokuwa siku ya tukio, kisha kuongeza sentensi moja inayoeleza linavyoitwa sasa.

Nobel ya Fasihi ina mantiki nyingine kabisa. Chuo cha Sweden humpa mwandishi kwa kuitazama kazi yake kwa ujumla, si riwaya moja. Han Kang wa Korea Kusini anatufaa hapa, kwa sababu amezipata zote mbili: mwaka 2016 alipata Man Booker International pamoja na mfasiri wake Deborah Smith kwa riwaya ya The Vegetarian, na mwaka 2024 akapata Nobel peke yake. Kwa tukio la kwanza ni lazima utaje kitabu na mfasiri. Kwa la pili, ukiandika kwamba amepewa Nobel "kwa riwaya yake ya The Vegetarian" umekosea, hata kama hicho ndicho kitabu chake pekee unachokijua. Angalia pia mwaka wa tuzo na mwaka wa tangazo. Olga Tokarczuk wa Poland alitangazwa mwezi Oktoba 2019, lakini Nobel aliyopewa ni ya mwaka 2018, kwa kuwa ya mwaka huo iliahirishwa.

Tarehe nayo huponyoka kwa urahisi. Mwezi Mei, saa ya London iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, hivyo jambo linalotangazwa saa nne za usiku kule hutufikia saa sita za usiku, na anayeandika "jana" asubuhi ya kesho yake hana hakika anazungumzia siku ipi. Andika tarehe ya mahali tukio lilipotokea, kwa tarakimu, uondokane na "jana" na "juzi" kabisa.

Pima kila "wa kwanza"

Taarifa za tuzo hupenda kusema fulani ni wa kwanza, na mara nyingi ni kweli, lakini ni kweli ndani ya mpaka ambao mtafsiri mwenye haraka huuangusha njiani. Alharthi alikuwa mwandishi wa kwanza kutoka nchi za Kiarabu za Ghuba kupata tuzo hiyo, na kitabu chake kilikuwa cha kwanza kilichoandikwa kwa Kiarabu kuipata. Hayo mawili yanasimama. Hakuwa mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kuwa kabla yake walikuwapo Alice Munro mwaka 2009, Lydia Davis mwaka 2013, Han Kang mwaka 2016 na Tokarczuk mwaka 2018. Ukiona sentensi yako inasema "mwanamke wa kwanza", simama, uisome orodha ya washindi kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Ni kazi ya dakika tano. Orodha ya walioingia fainali mwaka huo nayo inafaa kutazamwa, kwa maana ilikuwa na vitabu sita, na vitano kati yake vilikuwa vya wanawake, Annie Ernaux akiwa mmojawapo. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la kuandikwa kuliko nusu ya sifa zilizomo katika taarifa za wachapishaji.

Jina lake, na kumfanya wetu

Jokha ni jina la kawaida Zanzibar, na ukoo wa al-Harthi unajulikana pwani nzima. Aliyesoma historia ya shule anamkumbuka Bushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani, aliyewaongoza watu wa Mrima kupigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888 hadi aliponyongwa mwaka uliofuata. Ndiyo maana kishawishi cha kuandika kwamba mshindi ni "wetu" ni kikubwa, hasa kwa kuwa wako Waomani wengi waliozaliwa Unguja au Pemba na wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao Maskati. Usikubali kishawishi hicho. Jina la ukoo si ushahidi wa mahali mtu alipozaliwa wala wa lugha anayoizungumza. Andika yanayojulikana: alizaliwa Omani mwaka 1978, akapata shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiarabu ya kale kwenye Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti, na amekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Uhusiano wa riwaya yake na pwani yetu upo kweli, lakini umo ndani ya kitabu, na huko ndiko utakakouonyesha.

Kuhusu tahajia, chagua jina lililoandikwa kwenye jalada la kitabu, yaani Jokha Alharthi, ulifuate mwanzo hadi mwisho, ili msomaji atakayelitafuta dukani au maktaba alipate. Kwa majina ya Kikorea kumbuka kwamba Han ndilo jina la ukoo. Na unapomtaja mwandishi kwa mara ya pili, mtaje kama ambavyo ungemtaja mwanamume. Magazeti yetu humwita Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, "Gurnah", lakini mwanamke wa hadhi ileile hugeuka kuwa "Jokha" kufikia aya ya tatu, kama mtoto wa mtaani kwetu. Kama gazeti lako lina desturi ya kutanguliza "Bi", basi na wanaume watangulizie "Bwana".

Kusema kwamba ni mwanamke

Kiswahili hakibagui jinsia katika viwakilishi wala vitenzi, na mara nyingi hilo ni neema, ila hapa linaleta kazi ya ziada: msomaji asiyeyajua majina kama Marilyn na Han anaweza kusoma habari nzima bila kufahamu kwamba wanaozungumziwa ni wanawake. Liseme jambo hilo mara moja, mapema, kwa maneno mepesi kama "mwandishi mwanamke" au "washindi hao, wote wanawake", kisha liache. Kinachochosha ni "mwanamama huyo" na "mwanadada huyo" vinavyojirudia kila sentensi, pamoja na maelezo ya vazi alilovaa, idadi ya watoto wake na jinsi mumewe anavyomuunga mkono. Jiulize kama ungeyaandika hayo kumhusu Achebe. Yako mazingira ambamo malezi ya watoto ni sehemu halali ya habari, mathalani mwandishi mwenyewe anapoeleza namna alivyoandika usiku mtoto akiwa amelala, lakini hapo ni yeye anayesema, na wewe unamnukuu.

Nukuu zenyewe zinahitaji tahadhari. Maneno aliyoyasema kwa Kiarabu, yakatafsiriwa kwa Kiingereza, yakafika kwako ili uyatafsiri kwa Kiswahili, yamekwisha pita mikono miwili kabla ya wa kwako. Usiyafunge ndani ya alama za nukuu kana kwamba umeyasikia. Yaeleze kwa usemi wa taarifa, na useme yalisemwa kwa lugha gani.

Fungua kitabu

Sehemu hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Huhitaji kuimaliza riwaya nzima usiku mmoja, lakini soma angalau kurasa thelathini za mwanzo, na kama huna kitabu, tafuta dondoo ambalo mchapishaji ameliweka wazi. Ukifungua Celestial Bodies unakutana na Mayya, binti aliyeinama juu ya cherehani yake ya Singer, chombo ambacho msomaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa sauti yake. Anashona, na kimoyomoyo anamwomba Mungu amwonyeshe tu kijana mmoja, Ali bin Khalaf, aliyerudi kutoka London baada ya miaka ya masomo bila shahada. Hataki zaidi ya kumwona. Mamaye anamletea habari ya mchumba mwingine, Abdallah, mwana wa mfanyabiashara Sulayman, na Mayya anaolewa. Anapojifungua binti, anamwita London, na wanawake wanaokuja kumpa hongera ya uzazi wanashangaa mtoto wa Kiislamu kupewa jina la mji wa Wakristo.

Tukio hilo moja, likielezwa kwa sentensi mbili, linamfanyia msomaji wako kazi ambayo aya nzima ya "riwaya inayogusa masuala ya mapenzi, mila na mabadiliko ya jamii" haiwezi. Maneno ya aina hiyo yanaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote duniani. Chagua jambo moja linaloonekana kwa macho, liweke karibu na msomaji, halafu eleza kwa ufupi umbo la kitabu: Mayya ana wadogo zake wawili, Asma, anayeolewa na msanii aitwaye Khalid, na Khawla, anayemngoja binamu yake Nasir aliyehamia Kanada; sura nyingine zinasimuliwa na Abdallah mwenyewe akiwa ndani ya ndege kuelekea Frankfurt, akikumbuka ukali wa baba yake. Jizuie hapo. Mwisho wa riwaya si mali yako.

Maneno ya utumwa

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana utajiri ambao mwandishi wa Kiingereza hana, na mara nyingi anautupa. Katika nyumba ya Sulayman yumo Zarifa, aliyezaliwa utumwani, ndiye aliyemlea Abdallah asiye na mama, na ndiye ambaye bwana wake alilala naye. Taarifa za Kiingereza humwita kwa neno moja tu, mtumwa. Kiswahili cha pwani kiliishi na mambo haya, na kina mjakazi kwa mtumwa wa kike, suria kwa mjakazi aliyewekwa na bwana wake, na mzalia kwa aliyezaliwa katika utumwa huku badala ya kuletwa kutoka bara. Kuchagua mojawapo ni uamuzi mzito, kwa sababu suria alikuwa na hadhi yake ya kisheria na watoto wake walikuwa huru, na si kila mjakazi aliyelalwa na bwana wake alikuwa na hadhi hiyo. Mimi ningemwita Zarifa mjakazi, na mambo mengine ningeyaeleza kwa maneno ya kawaida. Ila uwe macho: wako wasomaji wa leo wanaolielewa neno "mjakazi" kama mtumishi wa ndani wa kulipwa mshahara, kwa hiyo liunge mara ya kwanza na maneno "aliyezaliwa utumwani", ili pasiwe na shaka.

Miaka nayo ni ya lazima. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa huko mwaka 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Omani utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970. Ukiziweka tarehe hizo pamoja, msomaji anaelewa mara moja kwa nini katika riwaya iliyoandikwa na mtu aliyezaliwa mwaka 1978 yumo Sanjar, mwana wa Zarifa, anayemwambia mama yake kwamba wao ni watu huru na kwamba yeye anaondoka kwenda zake, wakati mama haoni anakoweza kwenda nje ya nyumba ile. Wapo watakaokushauri uiache mada hii kwa kuwa ina kero kwetu, tukijua nani aliwanunua na nani aliuzwa. Ukiiacha, utakuwa umeandika habari ya kitabu kingine.

Kichwa cha habari na aya ya kwanza

Vichwa kama "Mwanamke wa Kiarabu atikisa London" havisemi chochote, na kwa kweli vinamdhalilisha mtu aliyeandika kitabu cha miaka mingi kwa kumfanya kioja. Kichwa kizuri kina jina, nchi, tuzo, na ikiwezekana mfasiri: "Jokha Alharthi wa Omani na mfasiri wake wapata Man Booker International". Ni kirefu kidogo, lakini kila neno lina kazi. Aya ya kwanza ningeiandika hivi:

"Mwandishi wa riwaya kutoka Omani, Jokha Alharthi, na mfasiri wake, Marilyn Booth, wametunukiwa tuzo ya Man Booker International ya mwaka 2019 kwa riwaya ya Celestial Bodies, inayosimulia maisha ya dada watatu wa kijiji cha al-Awafi wakati nchi yao inatoka katika zama za utumwa na kuingia katika zama za mafuta. Washindi hao, wote wanawake, watagawana sawasawa pauni 50,000. Ni mara ya kwanza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu kupata tuzo hiyo."

Baada ya hapo inafuata aya ya cherehani, kisha ya Zarifa, na mwisho kabisa maelezo ya jopo la waamuzi, ambalo mwaka huo liliongozwa na mwanahistoria Bettany Hughes. Wengi huanza na waamuzi kwa kuwa taarifa rasmi huanza nao, lakini msomaji wako hakuamka kutafuta habari za waamuzi.

Jina la kitabu ni fumbo dogo linalofaa kutatuliwa hadharani. Sayyidat al-Qamar ni mabibi wa mwezi, na msomaji anayejua Kiarabu kidogo cha chuoni atayatambua maneno yote mawili. Celestial Bodies ni magimba ya angani, jina lililozaliwa katika Kiingereza na lisilo tafsiri ya lile la kwanza. Unaweza kulieleza hivyo ndani ya habari, ila usibuni jina la Kiswahili na kuliandika kwa herufi kubwa kana kwamba kitabu hicho kipo dukani, kwa sababu yupo atakayefunga safari kwenda kukiulizia. Gurnah alisubiri hadi mwaka 2022 ndipo Peponi, riwaya yake ya Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ilipochapishwa na Mkuki na Nyota, mwaka mmoja baada ya Nobel yake, na wakati huo wote walikuwapo waliokuwa wakitaja vitabu vyake kwa majina ya Kiswahili waliyoyatunga wenyewe.

Mstari wa mwisho wa habari yako uwe wa kumsaidia anayetaka kusoma: kwa Kiarabu, Dar al-Adab, Beirut, mwaka 2010; kwa Kiingereza, tafsiri ya Marilyn Booth, Sandstone Press, mwaka 2018. Mwenye duka la vitabu akipewa maelezo hayo ataweza kukiagiza.